Sikurudi Chilangala Kufa

Bwana asifiwe kwa sauti zote, nyembamba na nene! Ndugu zangu, nawasalimu. Nyie wageni mliotoka Kitangari na Masasi, naona mmegeuza shingo kumtafuta mwanamume anayesema. Hayupo. Anayesema ni mimi, bibi huyu mwenye kitenge cha bluu niliyesimama hapa mbele. Wenyeji wamenizoea. Ninyi chekeni kwanza mmalize, halafu mnisikilize, maana leo nimepewa nafasi ya kueleza sauti hii niliipata wapi, na Mungu alinitoa wapi.

Jina langu ni Veronika, ila hapa Chilangala mimi ni Mama Anjela. Nilizaliwa kijiji hiki hiki. Enzi za Mwingereza, wakati habari za Uhuru ndiyo kwanza zinaanza kusemwa hadharani, nilikuwa muuguzi kule Masasi. Mume wangu alikuwa mwalimu wa shule. Kichomi kilimchukua, binti yetu Anjela akiwa bado ananyonya, nikabaki mjane kijana na mtoto mgongoni. Sikukaa kulia sana. Nilikuwa na kazi, nilikuwa na mama yangu mzazi, na nilikuwa na sauti.

Ndugu zangu, nilikuwa na sauti! Nisiwafiche. Katika kwaya mimi ndiye niliyeongoza sauti ya kwanza, na nilikuwa naipandisha mpaka padri mwenyewe anaacha kupekua kitabu chake na kuinua kichwa. Anjela alikuwa halali bila wimbo wangu. Nilimwimbia wimbo ule ule ambao mama yangu aliniimbia mimi, naye kabla sijafika mwisho macho yameshafumba. Niliipenda sauti ile kama mtu anavyopenda nguo yake ya sikukuu.

Basi nikachaguliwa kwenda Uingereza kusomea ukunga wa juu. Anjela nilimwacha hapa Chilangala na bibi yake. Alikuwa mdogo, wa miaka minne tu. Nilimwimbia, akalala, nikaondoka akiwa usingizini, kwa sababu nilijua akiamka nitashindwa kupanda lori.

Sasa baridi ya Uingereza msiniulize! Hii ya kwetu ya Julai, tunayoivalia kanga tatu na kulalamika kutwa, wale wenzetu wangeivulia koti. Kule pumzi inatoka kinywani kama moshi wa jikoni. Nguo ukianika zinakakamaa kama ngozi ya mbuzi. Nililala na soksi, na sweta, na kilemba, na bado nilitetemeka. Lakini nilisoma, na mitihani ya kwanza nikafaulu.

Nyie wanawake mnayajua maji ya kwetu. Siku zile hapakuwa na bomba. Mama zetu waliteremka bonde, wakapanga mitungi kisimani, wakangoja maji yajikusanye, kisha wakapandisha mlima nayo kichwani. Mtu alioga kwa kata mbili, ya kulowanisha na ya kusuuza, kisha akakimbilia nguo yake. Kumbe kule bweni la wauguzi kulikuwa na bafu ambalo mtu analala ndani yake, maji yanamfika shingoni! Mara ya kwanza nilisimama pembeni nikiyaangalia kwa uchungu, nikiwaza ni wanawake wangapi wa Chilangala wangepandisha mlima ili Veronika mmoja aoge. Halafu nikaingia. Ndipo mahali pekee katika nchi ile nilipopata joto, kwa hiyo nikawa nakaa humo mpaka wenzangu wanagonga mlango.

Ni humo bafuni, ndugu zangu, mkono wangu ukipita na sabuni taratibu, ulipokutana na kitu kwenye titi la kushoto. Kidogo, kigumu kama punje ya mbaazi iliyokauka, wala hakisogei. Nilirudia kukigusa. Nilikuwa muuguzi, nilikuwa nimewaosha wanawake waliokuja hospitali wamechelewa, na nilijua nimeshika nini. Maji yalikuwa ya moto lakini mwili wangu wote uliingia baridi. Mpaka leo nasema ni Mungu aliyenipeleka kwenye maji mengi, kwa sababu kwa kata zangu mbili ningekaa na kile kitu mpaka kitoboke.

Kansa! Wakanikata titi. Kisha nikalazwa chini ya mashine ya mionzi, siku baada ya siku, kifua kikawa cheusi kama sufuria. Mkono wa kushoto ukavimba na kukataa kuinuka. Kidonda kikafunga upande mmoja na upande mwingine kikabaki wazi, na majira ya baridi yote yakapita hakijafunga. Nikaanza kukohoa. Anjela wangu nilimwona kila nikifumba macho.

Daktari aliyenitibu alikuwa mzee mrefu, mpole, asiyesema uongo. Alinieleza kwamba zimebaki sindano. Ugonjwa wangu, alisema, unakula kile kinachonifanya niwe mwanamke. Dawa aliyonayo ina kile kinachomfanya mwanamume awe mwanamume, na ikiingia mwilini, ugonjwa utanyimwa chakula. Lakini nisishangae ndevu zikiota. Nisishangae sauti ikishuka. Nikamwuliza, sauti itarudi? Akatazama mikono yake, akasema huenda isirudi kamwe.

Nikakubali. Mngekuwa mimi mngefanyaje? Nikakubali.

Dawa ile ilikuwa ya mafuta, imefungwa kwenye vichupa vya kioo. Kwa baridi ile mafuta yalikuwa mazito, hayataki kupita kwenye sindano. Muuguzi anasukuma mpaka uso unamwiva, na pale yanapoingia panaota nundu, panauma, siku nyingi silali upande huo. Ndevu zikaanza kuchungulia. Sauti ikaanza kukatika katikati ya neno, mara juu mara chini, kama ya mvulana wa jandoni. Siku moja nilijaribu kumwimbia Anjela wimbo wake, peke yangu tu kitandani. Kilichotoka kooni mwangu sikukitambua. Nilifunika kichwa na blanketi nikalia mpaka mto ukalowa.

Halafu nikaona majani ya miti kule nje yanaanza kugeuka rangi. Majira mengine ya baridi yanakuja! Nikasema, Bwana, hapana. Haya ya pili siyavuki. Nikamwendea daktari nikamwambia nataka kwenda kwetu.

Alinikatalia. Alisema matibabu hayajaisha, kwetu kuna vumbi, hospitali ni mbali. Nikamwambia kwetu kuna jua. Akasema mtu mgonjwa namna hii hasafiri. Nikamwambia mimi ni muuguzi, sindano najua kujichoma, na dawa ile haitaki kingine ila joto. Akauliza, "Unataka kwenda kufa nyumbani?" Na hapa, ndugu zangu, mshike neno nililomjibu, kwa sababu wengi tangu siku hiyo wamelisema vibaya. Nilimjibu, "Kufa ningeweza hapa hapa. Nakwenda kutibiwa."

Mwisho akakubali kwa sharti. Nisiruke sindano hata moja. Nipimwe kifua hospitali ya Masasi kila atakaponiagiza. Wala mtu asinishawishi kuacha, awe nani. Nikaapa. Akanifungia sanduku la vichupa, akanipa mkono. Hakuniahidi kwamba nitaishi, na mimi sikumwuliza.

Meli ilipoingia bahari ya kule kwenye joto kali, Wazungu wakawa hoi, wanapepewa. Mimi nilivua sweta. Kesho yake nikavua jingine. Siku ya sindano nilikaa na kichupa mkononi pale sitahani, nikakiinamisha, nikaona mafuta yanateleza kama maji! Sindano ikaingia bila vita. Nilipiga magoti pale pale nikamshukuru Mungu, watu wakadhani nimeanguka. Kikohozi kilibaki baharini. Kabla hatujaiona Mtwara, kidonda kilikuwa kimeanza kushikana.

Sasa nisikilizeni mambo ya hapa kwetu. Nilifika mwezi ambao mikorosho imeanza kuangusha mabibo. Wali, wale vijana wanaotahiriwa, walikuwa wametoka jandoni, ngoma hazijaisha, na mapiko yalikuwa bado yanazunguka vijijini kwenye nyumba zao. Vijana wa siku hizi mnayaona mapiko yakicheza kwenye sherehe za serikali mnapiga makofi. Siku zile lipiko lilikuwa kitu cha kuogofya. Mtu amevaa kinyago kichwani, mwili wote umefungwa nguo usione hata kidole, njuga zinalia, na sauti yake si ya mtu wa kawaida. Tuliambiwa ni marehemu amerudi kutoka ardhini. Mwanamke au mtoto akiliona, kazi yake ni moja: kukimbia! Na lipiko kazi yake ni kumkimbiza.

Mimi nimeshuka kwenye lori barabarani. Njia nzima vumbi, kwa hiyo nimejifunga kanga kichwani na usoni, yanaonekana macho tu. Mkono wangu mbovu nimeufunga kifuani kwa kitambaa. Kikombe changu cha bati kimening'inia kwenye mzigo, kinagonga kila hatua. Natembea kwa kuyumba, maana miguu ina ganzi ya safari. Nafika uani kwa mama yangu, wanawake wanatwanga, watoto wanacheza, na katikati yao naona kitoto kirefu cha mapengo kina macho ya marehemu mume wangu. Anjela! Moyo ukapasuka kwa furaha. Nikapiga hodi.

Kwa sauti hii hii mnayoisikia!

"Lipiko! Lipiko jamani, lipiko!"

Michi ilianguka chini. Wa kubeba watoto wakabeba, wenye kanga zikawafunguka njiani. Mama Saidi, jirani yetu wa Kiislamu, mwanamke mnene mwenye heshima zake, ndiye aliyetangulia mbele ya wote, na mpaka Mungu alipomchukua alikuwa anakana. Anjela akashika nguo ya Mama Saidi wakatokomea kwenye mikorosho. Nami, badala ya kusimama nikajifunua uso, nilifanya lile ambalo lipiko hufanya. Niliwakimbiza! Nakimbia, kikombe kinalia, nakoroma, "Anjela! Anjela!" Hebu fikirini mtoto yule alisikia nini. Marehemu katoka ardhini na jina lake analijua.

Mama yangu hakukimbia, magoti yalikuwa hayamruhusu. Alisimama mlangoni na mchi mkononi.

"Pita zako!" akanifokea. "Nyumba hii haina mwali!"

Nikafungua kanga usoni. "Shikamoo, Mama. Ni mimi, Vero."

Alinitazama muda mrefu. Aliona ndevu chache hapa kidevuni. Aliona kifua upande mmoja kimelala. Mchi ukashuka polepole.

"Marahaba, mwanangu," akasema. Halafu akasema, "Sauti yako umeiacha wapi?"

"Nimeiacha kule, Mama. Nimerudi na roho."

"Basi ingia ndani, usikae juani."

"Niache hapa hapa, Mama. Jua ndilo nililolifuata."

Mama Saidi aliporudi, kwa haya nyingi, alichukua mtungi akapita nyumba kwa nyumba. Kila mwanamke akamimina kata moja ya maji yake, maji ya kupandisha mlima, ili Mama Anjela aogeshwe vumbi la safari. Wakanikalisha kwenye kigoda nyuma ya nyumba, wakanivua, wakaona. Kisha mmoja akaanza kulia kile kilio cha msibani, na wengine wakataka kumpokea.

"Nyamazeni!" nikasema. "Hapa pana ugonjwa, maiti hakuna! Atakayetaka kulia akalie kwake." Sauti nene ina faida zake, walinyamaza papo hapo.

Hata hivyo kwa siku nyingi watu waliendelea kuja kukaa mkekani kimya kimya, wamejitanda kanga, kama waliokuja kusubiri. Niliwakaribisha, nikawapa mabibo, nikawapa na korosho za kubangua. Nikawaambia anayekuja kwa mgonjwa asikae bure.

Lakini Anjela hakuja, ndugu zangu. Alihamia kwa Mama Saidi. Akiniona njiani anageuza. Nikiita, anatimua mbio. Mama wa watu nimevuka bahari kwa ajili ya kitoto kile, nacho kinajificha nyuma ya mti kikisikia ninavyoongea. Sindano zote nilizochomwa hazikuuma kama lile.

Mama yangu alivumilia, mwisho akanikalisha chini. Alikuwa mwanamke wa maneno machache, na aliyoyasema alikuwa ameyafikiria.

"Vero, hizo sindano zako ndizo zinazomfukuza mtoto. Kila ukijichoma sauti inazidi kwenda chini. Ziache. Umeshafika nyumbani, chakula unakula, jua unaota, kidonda kinakauka. Ziache, sauti ipande, mtoto arudi kwa mama yake."

Je, mnadhani sikutamani? Kifua kilikuwa kimefunga vizuri. Mkono ulikuwa umeanza kuinuka, kwa sababu nilikuwa nashinda mikoroshoni naokota korosho, nikinyoosha mkono kufikia tawi la chini, kesho yake la juu yake kidogo, nikilia na kunyoosha. Nilikuwa nang'aa. Mtu angeniona angesema amepona, huyo, za nini tena sindano? Na pale kwenye mti wa pili amesimama mtoto wangu, ananiogopa.

Nilikwenda shambani peke yangu mchana wa jua kali, nikamlilia Mungu. Nilimwomba sauti yangu. Nilimwambia, Bwana, ulinipa mwenyewe, nilikuimbia wewe mwenyewe, nirudishie. Nilipomaliza kulia, kitu kimoja kikawa wazi kichwani mwangu, wazi kabisa. Anjela alikuwa ameshamkosa baba. Sauti nzuri ya marehemu haimpikii mtoto uji. Heri awe na mama mwenye sauti ya dume aliye hai, anayemkimbia leo, na siku moja akachoka kukimbia. Nikasimama, nikajifuta, nikarudi nyumbani nikamwambia mama yangu, "Mama, nisamehe. Sindano siachi."

"Na mtoto?"

"Mtoto nitamsubiri."

Tangu siku ile nilifanya uamuzi mwingine. Nilikuwa najichomea ndani, mlango umefungwa, kwa aibu. Sasa nikasema basi, najichoma uani, kweupe, mwenye macho aone. Lipiko halijifunui mbele ya mwanamke wala mtoto, na hilo ndilo linalolifanya liogofye. Mimi nitajifunua. Siku ya sindano nilitoa kigoda nje, nikachemsha bomba na sindano kwenye sufuria ndogo, na yale maji mama yangu hakuyamwaga, aliyapeleka kwenye miboga yake. Nikaweka kichupa juani juu ya mkeka mpaka mafuta yalainike. Nikapandisha kanga, nikajichoma pajani. Iliuma, nami sikujikaza. Nilisema "Aaah!" na machozi yakatoka na damu kidogo ikatoka, nikaifuta na pamba.

Nyuma ya ghala la mtama niliona kanga ndogo inachungulia.

Siku ya sindano iliyofuata kanga ile ilikuwa mbele ya ghala. Iliyofuata tena, ilikuwa kwenye ukingo wa uwanja. Sikumwita. Sikumtazama hata. Shingo iliniuma kwa kujizuia kutazama!

Halafu ikaja siku ya mawingu. Mvua za kwanza zilikuwa zinajikusanya, upepo umetoka bondeni, jua hakuna. Nikaweka kichupa mkekani, mafuta yakabaki mazito. Nikakishika kiganjani, na mikono yangu siku hiyo ilikuwa ya baridi. Nikawa nimekaa pale nakisugua, nimekata tamaa kidogo, ninamfikiria yule muuguzi wa kule anavyosukuma.

Nikasikia hatua. Sikuinua kichwa.

"Inauma?" akauliza.

"Inauma," nikasema, kwa sauti yangu hii, taratibu niwezavyo.

"Lipiko halitoki damu," akasema. Alikuwa amelifikiria jambo hilo, nadhani, siku zote zile nyuma ya ghala. "Wewe unatoka."

"Mimi natoka."

Akanyoosha mkono, akaniomba kichupa. Nikampa. Alikifumbata kwa viganja viwili, akavitia chini ya kidevu chake kama tunavyofanya na kifaranga aliyelowa mvua, akakaa hapo kwenye mkeka, karibu goti lake liguse langu, akakipulizia pumzi yake. Mama yangu alikuwa mlangoni na ungo mikononi, hakusogea. Hata mimi sikusogea. Baada ya muda mtoto akakiinamisha kichupa, akakiinua kwenye mwanga, akatazama.

"Mama," akasema, "imelainika."

Ndugu zangu! Bwana asifiwe! Wengine wanashuhudia kwamba waliona nuru, wengine walisikia sauti kutoka juu. Mimi ukombozi wangu ulikuwa kichupa cha mafuta kwenye viganja vya mtoto mwenye mapengo. Nilijichoma sindano ile sikuisikia. Mpaka leo siwezi kuwaambia iliingia paja gani.

Tangu hapo kupasha dawa ikawa kazi yake, na ole wake mwingine aiguse. Nilipoteremka Masasi kupimwa, juu ya lori la magunia ya korosho, Anjela alikaa mapajani pangu akiwaeleza abiria wote kwamba mama yake ana sauti ya lipiko lakini ni mtu. Kila mara daktari wa Masasi alipopitisha vidole vyake kifuani na kwapani, mimi nilishika pumzi, na Anjela naye akashika pumzi yake, mashavu yamemvimba. Vidole havikukuta kitu. Msimu wa korosho ukaisha, mvua zikanyesha, mbaazi zikachanua, havikukuta kitu. Mwisho wakasema sindano sasa basi. Anjela ndiye aliyelia, kazi imemwishia!

Sauti haikurudi. Nilirudi kwaya, nikasimama mahali pangu pa zamani kwa mazoea, nikafungua mdomo, na akina mama wa sauti ya kwanza wakaangua kicheko mpaka mwalimu akakaa chini. Nikacheka nao, nikachukua kitabu changu, nikahamia safu ya nyuma kwa wanaume. Wakanisogezea nafasi. Mzee mmoja wa besi akaninong'oneza, "Karibu, Mama Anjela, tulikuwa tunapungukiwa." Niko safu hiyo hadi leo.

Nilimwomba Mungu sauti, akaninyima. Alinipa miaka. Uhuru ulipokuja nilikuwepo uwanjani. Anjela alipoolewa Kitangari nilimfunga kanga kwa mkono wangu wa kushoto, mkono ule ule. Daktari yule mzee, Mungu amrehemu, na wauguzi wa Masasi, na Mama Saidi na wanawake wa kata moja moja za maji, nawashukuru mbele ya Mungu. Na nalishukuru jua la Chilangala, ambalo mnalilalamikia kila siku mkiingia hapa mnajipepea!

Nina neno la mwisho kwa mwanamke mmoja. Simjui ni nani, lakini katika watu wengi hivi yumo. Chini ya kanga yako kuna kitu ulichokigusa ukioga, umekiacha, umesema kitaondoka. Dada yangu, mwanangu, hakiondoki. Unaogopa watakukata, utakuwa nusu mtu, mume atageuza uso, watoto watakukimbia. Nakwambia mimi niliyekimbiwa: waache wakimbie! Wewe ishi tu. Mtumaini Mungu, nenda hospitali, na wakikupa dawa usiiache njiani kwa kuwa jua limekuchangamsha. Waliokimbia watachoka, watarudi.

Anjela amekaa pale, benchi la tatu, na mjukuu wangu wa mwisho mgongoni. Kile kitoto ni king'ang'anizi, kinalia mpaka majirani wanaamka. Mama yake akikiimbia wimbo wa kwetu kwa sauti yake nzuri, kinazidi. Basi huniletea mimi, nikaimba ule ule, huku chini kabisa, nacho kinalala kabla sijafika mwisho.

Ibada ikiisha, wewe mwanamke ninayekusema, nitafute. Nitakwenda nawe Masasi mwenyewe, nitakaa nawe wakikupima, nitakushikia mkono. Usiogope kunikosa katika umati huu. Usiponiona, utanisikia. Amina, na Amina tena!